Jua Nililoliweka Mbele ya Imamu

Aibu niliyoipata leo, Idd mosi, nikiwa na gauni jipya na hina bado mbichi mikononi, sijui nitaivua lini. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Najua mmeshaanza kuulizana.

Kwa msionijua, mimi ni Somoe binti Shaibu. Nina kibanda Mtwara mjini. Napiga picha za paspoti, lakini kazi yangu hasa ni kuhariri picha za watu. Wananiletea picha zimepauka, zimepigwa gizani, bwana harusi kafumba macho, nyuma yake kuna kamba ya kuanikia nguo za ndani. Mimi nazitengeneza. Macho nayafumbua, kamba naifuta. Kuna bibi harusi wa Kitaya aliolewa siku ya mvua, matope hadi vifundoni. Kwenye picha yangu amesimama juu ya zulia jekundu na maua yanamdondokea. Alilia kwa furaha. Ndiyo maana kwenye bango la kibanda niliandika kwamba hakuna picha mbaya, kuna picha ambayo haijafika kwa Somoe. (Bango hilo nikirudi nalishusha.)

Nimekuja kijijini Mahurunga kula Idd na wazazi. Baba yangu, Mzee Shaibu, analima korosho na mihogo kama wazee wengine wa hapa, ila kuna jambo ambalo kijiji kizima kinamtegemea yeye. Ndiye anayeonyesha kibla, ambacho kwetu huku kiko kaskazini. Msikiti ulipojengwa upya kwa matofali, yeye ndiye aliyevuta kamba. Uwanja wa mpira tunaosalia Idd, yeye ndiye anayepanga safu. Kaburi likichimbwa, vijana wanaegemea majembe wakimsubiri aje aseme, "Hapa." Hapewi chochote kwa kazi hiyo na hajawahi kuomba.

Sasa, tangu msikiti mpya uinuke, kuna mtu mmoja hajatulia. Mzee Dadi. Ni jirani yetu, na yeye na baba waliingia jandoni pamoja. Anasema kibla cha baba kimelala mashariki. Si sana, anasema, lakini kimelala. Kwa maneno hayo wazee wawili waliokula sahani moja tangu utoto wakawa wanasalimiana kwa kukohoa. Mwishowe akaitwa sheikh kutoka mjini. Akapima, akasema kibla kiko sawasawa. Mzee Dadi akanyamaza, na leo ndiyo ilikuwa Idd yake ya kwanza kurudi safu ya mbele, bega kwa bega na baba. Kijiji kizima kilikuwa kinalitazama jambo hilo. Mimi nilikuwa natazama simu.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ikakata, lakini mawingu yakabaki yamefunga kabisa, jua halikuonekana hata kwa kuchungulia. Watu wakatandika mikeka na maturubai uwanjani. Mimi leo sikuwa wa kusali (kina mama mmenielewa), nikakaa pembeni na watoto. Imamu wetu, Mwalimu Chande, alipopiga takbira, nikasimama nyuma ya safu, nikapiga picha moja.

Jamani, ile picha! Migongo mitupu. Kanzu zimelowa pindo. Mbingu rangi ya maji ya kuoshea mchele. Mbele ya imamu, goli la mpira, nguzo zimepinda, na kwenye nguzo moja kafungwa mbuzi anayetazama kamera. Nyuma ya goli, mikorosho imezama kwenye ukungu. Safu ya nne ilikuwa na mapengo kwa sababu ya dimbwi. Mimi nikaona fedheha. Hivi ndugu zetu wa Dar, na wale walioko ng'ambo ya Ruvuma, tuwatumie hii?

Nikakaa nyuma ya jiko, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikaanza kazi.

"Somoe, nazi!" mama akaita.

"Nakuja, mama."

Sikuja. Nilikuwa namfuta mbuzi. Alipoondoka mbuzi, goli likaonekana limekaa kijinga, nikalifuta na lenyewe. Lilipoondoka goli, mikorosho ikabaki kama madoa, nikaifuta. Nikawa na uwanja mpana unaofika hadi mwisho wa dunia. Nikaiondoa ile mbingu ya maji ya mchele, nikapachika nyingine ya bluu. Ikawa nzuri, lakini upande wa kulia wa imamu palikuwa patupu. Basi hapo ndipo nilipoweka jua. Kubwa, rangi ya embe bivu, juu kidogo ya bega lake la kulia, na miale yake inawashukia waumini kama rehema. Nikaongeza ndege. (Ndege nilikuwa nao kwenye simu, huwa nawatumia kwenye kadi za send-off.)

Yakabaki mapengo ya safu ya nne. Safu ya mbele kulikuwa na mzee mmoja kasimama vizuri sana, kavaa koti juu ya kanzu, mgongo umenyooka. Nikamnakili, nikamsimamisha kwenye dimbwi. Pengo jingine nikaweka watu wengine wawili watatu wa kuokoteza. Dimbwi likatoweka na Uislamu ukasonga mbele.

Nikabonyeza kuhifadhi. Simu ikasema nafasi imejaa, nifute kitu. Nikaifuta ile picha ya asili. Nani anataka mbuzi?

Halafu nikaitupia kwenye grupu ya wana Mahurunga, ile yenye watu wote, walioko na waliohama, na nikaandika kwa mkono wangu huu: "Sala ya Idd kijijini kwetu, leo saa mbili asubuhi." Sikusema kama nimehariri. Kwani mpishi anasema ametia chumvi?

Sifa zilinyesha. "Mashaallah!" "Huku ni kwetu kweli?" Shangazi mmoja aliyeolewa Msumbiji akasema ametokwa na machozi. Mwingine akauliza jina la mpiga picha. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi, na nikaweka namba ya kibanda. Nilikuna nazi nikiimba.

Tulikuwa tumeshaketi kula, baba na wageni wake barazani, sisi ndani, pilau ndiyo kwanza imefunuliwa, simu ikalia. Alikuwa Bakari, mtoto mkubwa wa Mzee Dadi, yuko Dar. Kaandika kwenye grupu:

"Idd njema. Naomba kuuliza. Hii ni saa mbili asubuhi. Jua la saa mbili liko mashariki. Hapa naliona mbele ya imamu. Kwa hiyo tumesali tukielekea wapi?"

Nikacheka. Nikasema moyoni, huyu naye. Kabla sijamjibu, mtu akaandika, "Kumbe Mzee Dadi alikuwa anasema kweli." Mwingine, "Si kulala mashariki tena, hii imelala na kukoroma." Mwingine akataka kujua kama sala za mwaka mzima zitalipwa. Walioyaandika haya wengine walikuwepo uwanjani! Walisimama pale kwa miguu yao, goli mbele yao, mto Ruvuma mgongoni kwao. Mimi nilishindwa kuamini. Watu walikuwa wanaiacha miguu yao na kuifuata simu.

Halafu Bakari akaandika tena.

"Kama kibla cha Mzee Shaibu ndiyo hiki, mama yangu kalazwa anatazama wapi?"

Hapo nilirudisha tonge sahanini.

Nilikuwa nimesahau. Mkewe Mzee Dadi, Bi Mwanahawa, alifariki baada ya msikiti kujengwa. Walipokuwa hawasemezani, baba alikwenda vilevile makaburini, akaonyesha upande, na Bi Mwanahawa akalazwa kwa ubavu wa kulia akitazama alikoonyesha baba. Sasa nikaelewa kwa nini yule mzee alikuwa hatulii. Sisi wote tulidhani bado anabishania msikiti.

Sikupata muda wa kuandika kitu. Mzee Dadi aliingia uani bila kupiga hodi, simu ya mjukuu wake mkononi.

"Shaibu. Tazama."

Baba ana simu ya kitochi, hana mambo ya picha. Akaipokea ile simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Leo jua halikutoka," akasema.

"Lilitoka tukiwa tumesujudu. Tungeliona wapi?"

"Dadi..."

"Mimi sikuja kugombana. Nataka uniambie tu. Mama Bakari nimemlaza vipi?"

Baba akanawa mikono. Sahani yake ya pilau ilikuwa imeguswa upande mmoja tu. Akasema, "Twende kwa Mwalimu," akavaa kofia, wakatoka wawili hao bila kutazamana, na wageni wakawafuata.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mdomo umejaa nyama na woga. Ningeweza kusema pale pale. Niliona haya. Nilifikiri nitafuta ile picha kwenye grupu na mambo yataisha. (Nikaifuta. Watu walikuwa wameshaisambaza, mmoja kaiweka kuwa picha yake ya utambulisho.)

Mama akanitazama.

"Ni hiyo simu yako?"

"Ndiyo, mama."

"Sijawahi kumwona baba yako akiacha pilau ya Idd." Akanirushia mtandio. "Nenda kaseme."

Msikitini kibaraza kilikuwa kimejaa. Nadhani kila mwanamume wa Mahurunga aliyekuwa na miguu alikuwepo. Nikasimama chini, karibu na mabomba ya kutawadhia, nikasubiri mtu anione. Hakuna aliyeniona. Mwalimu Chande alikuwa anawatuliza watu, anasema sheikh alishapima. Mzee mmoja akasema labda sheikh alipima siku yenye mawingu. Baba alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, anatazama vidole vyake. Nimemfahamu baba yangu maisha yangu yote na sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Nikasema, "Shikamooni."

Wakaitikia, wakaendelea.

Nikasema kwa nguvu, "Jua lile ni langu!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Unasemaje, binti?" akauliza Mwalimu Chande.

"Jua la kwenye picha, Mwalimu. Nimeliweka mimi. Leo halikutoka. Nilitaka picha ipendeze."

Watu wakatazamana. Nilitegemea wanitukane. Walinihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto mwema. Anamkinga baba yake." Wengine wakaguna kukubali. Na baba, baba yangu mwenyewe, akainua uso.

"Somoe," akasema taratibu, "usiseme uongo kwa ajili yangu. Leo Idd."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaambia nimefuta goli. Wakaniuliza goli linafutwaje. Nikawaambia nimefuta mbuzi. Mwenye mbuzi akasema mbuzi wake yupo. Wakataka picha ya mwanzo, nikasema niliifuta kwa sababu simu imejaa, na hapo hata mimi nikajisikia kama mwongo.

Ndipo nilipokumbuka safu ya nne.

"Mzee Dadi," nikasema, "naomba simu hiyo."

Akanipa. Nikaikuza picha, nikapanda kibarazani nikiwa nimevua ndala, nikapiga magoti mbele yake.

"Huyu wa mbele, karibu na baba, ni nani?"

Akasogeza simu mbali na macho, akairudisha. "Ni mimi."

Nikasukuma picha kwa kidole hadi safu ya nne. "Na huyu?"

Akatazama. Akaendelea kutazama. Wazee wakamzunguka, ndevu juu ya ndevu.

"Koti langu hilo," akasema.

Nikakuza zaidi, nimwonyeshe mgongo. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nakinakili: chini ya bega kulikuwa na kiraka cha kitambaa cha khanga, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikarudi safu ya mbele. Kiraka. Nikarudi safu ya nne. Kiraka, uzi mwekundu, mshono ule ule umekwenda upande.

Mzee Dadi akapeleka mkono mgongoni mwake, akakipapasa kile kiraka kwenye koti alilovaa.

"Hiki alinishonea Mama Bakari," akasema. "Kipo kimoja."

"Ndiyo, babu."

"Mimi nilikuwa mbele."

"Ndiyo, babu. Nyuma nilikuweka mimi. Palikuwa na dimbwi."

"Kwa hiyo huyu si mimi."

"Si wewe."

"Na jua si jua."

"Si jua, babu. Nisamehe. Wewe na baba mnisamehe."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Akajizuia, akashindwa. Kikapanda kibaraza chote kicheko cha watu waliokuwa wanaogopa na sasa wamepona, na mimi nimepiga magoti katikati, gauni jipya, hina mikononi. Baba hakucheka. Alifunika uso kwa kofia yake na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka sasa sijui kilikuwa kicheko au ni kitu kingine.

Nilidhani imeishia hapo. Mwalimu Chande akasema kwamba kwa kuwa picha imewafikia watu wote, lazima na habari iwafikie wote. Akaingia ndani. Nikasikia kipaza sauti cha msikiti kikikoroma, halafu sauti yake ikatoka juu ya paa, ikaenda kwenye mikorosho, ikaenda mashambani, nadhani ikavuka na mto:

"Ndugu Waislamu. Kibla chetu kiko sawa na sala zenu ziko sawa. Jua mliloliona kwenye simu si la Mwenyezi Mungu. Ni la Somoe binti Shaibu."

Akarudia mara ya pili, kwa ajili ya walio mbali.

Nilitoka pale nikipita nyuma ya nyumba za watu. Haikusaidia. Watoto walikuwa wamesimama njia nzima na nguo zao za Idd, wananionyesha juu: "Dada Somoe, hilo pia ni lako?" Maana kumbe mawingu yalikuwa yameanza kuachia.

Nilikuwa nakaribia nyumbani nikasikia nyayo nyuma yangu. Mzee Dadi. Nikajua sasa ndiyo natukanwa vizuri, faraghani.

"Simu yako inapiga picha bado?" akaniuliza.

"Inapiga, babu."

"Njoo."

Akanipeleka makaburini. Mimi nilibaki pembeni, nje ya mstari wa minyaa. Yeye akaingia peke yake, akaenda hadi kwa Bi Mwanahawa, akasimama ubavuni mwa kaburi, akageuka kutazama upande ule mkewe aliolazwa akiutazama. Jua la kuelekea magharibi lilikuwa limeshuka, limetoboa chini ya mawingu. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye jua: magharibi kushoto, kibla mbele.

Akakaa vile. Mkono ulipochoka akaushusha.

"Babu," nikamuuliza kwa mbali, "hukuwahi kujaribu hivyo hata siku moja?"

"Nilikuwa naogopa jibu," akasema.

Akapangusa macho kwa mkono wa koti, akaniambia nipige picha, nimtumie Bakari. Nikapiga. Kaburi limeota majani. Mzee kasimama kapinda kidogo, jua linampiga ubavu wa kushoto. Kivuli changu kimeingia chini, kirefu, kichwa kama boga. Kwenye kona kuna mfuko wa plastiki umekwama kwenye minyaa. Kidole kilinikimbilia chenyewe kwenda kuufuta ule mfuko.

"Usiguse kitu," akasema Mzee Dadi, bila hata kunitazama.

Sikugusa. Nikamtumia Bakari vile vile. Akajibu neno moja: "Alhamdulillahi." Tuliporudi, Mzee Dadi hakwenda kwake. Alikuja kwetu, akakaa barazani, mama akapasha moto pilau, na wazee wawili wakala kwenye sahani moja. Mimi nimekaa jikoni nawaandikia haya. Baba bado hajanisemesha, ila amenitumia mfupa wenye nyama kupitia kwa mama, kwa hiyo nina matumaini.

Basi ndiyo hivyo. Naombeni msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia akumbuke kwamba wengi wenu mmepita kibandani kwangu, na sura zenu za kabla sijazigusa nazijua.